Dishi la intaneti limeshushwa kituoni kwenu na fundi kaondoka, sasa unafanyaje

Gari limeshusha boksi, karatasi imesainiwa, mtu kapiga picha mbili tatu za kurusha ofisini kwao, alafu wameondoka mbio kabla barabara haijafungwa. Umebaki wewe na dishi, furushi la kebo na watu kama sitini wamekuzunguka, na mama mmoja mwenye simu ya kioo kilichopasuka anakuuliza, "Papa, rezo itakuya saa ngapi?", yaani mtandao utakuja saa ngapi. Wewe ni mwalimu, au nesi, au kijana wa kujitolea tu uliyeonekana unajua kompyuta kwa sababu siku moja ulimtengenezea mtu simu. Kazi inaanzia hapo na wengi wanaiharibia hapohapo.

Mimi ni mtu wa Kigoma. Nilianza na yale madishi makubwa ya TV juu ya bati, baadae nikaingia kwenye intaneti ya setilaiti, na nimevuka ziwa mara nyingi kwenda upande wa Kongo kufunga kwenye zahanati na kambi. Hii naandika kwa yule anayebaki na boksi, mhandisi ana vitabu vyake.

Jua kwanza nani analipa

Najua una haraka ya kufungua boksi ila subiri. Intaneti ya setilaiti kuna mtu mahali anailipia kila mwezi, na kwenye vita na majanga huyo mtu mara nyingi ni serikali, tena sio ya kwenu. Mfano mzuri ni Luxemburg, kanchi ka Ulaya ambako hakafiki hata watu milioni moja. Baada ya tetemeko la Haiti la 2010 walianzisha mpango unaitwa emergency.lu, serikali inatoa hela, kampuni ya SES inatoa njia ya angani, HITEC inatoa vifaa, na ndege za uokoaji za hukohuko kwao zinabeba mzigo. Mwaka 2012 wakapeleka Sudan Kusini, 2013 Ufilipino baada ya kimbunga Haiyan, 2015 Nepal baada ya tetemeko. Dishi lao kubwa ni la kupuliza, ukilijaza hewa linasimama kama mpira mkubwa kuliko mtu, ukilitoa hewa linakunjwa linaingia kwenye masanduku ya kubebeka. Mashirika ya misaada yanatumia bila kulipa.

Ukraine ni hivyohivyo. Aprili 2022 USAID, lililokuwa shirika la misaada la serikali ya Marekani, ilitangaza imefikisha kule vifaa 5,000 vya Starlink, intaneti ya setilaiti ya kampuni ya SpaceX, kwa kushirikiana na kampuni hiyo, na mwaka 2025 waziri wa mambo ya nje wa Poland, Radosław Sikorski, akasema hadharani kwamba Starlink za Ukraine zinalipiwa na wizara ya mambo ya kidijitali ya nchi yake, kama dola milioni 50 kwa mwaka. Na hapa karibu, Mayotte, kimbunga Chido kilipowapiga tarehe 14 Desemba 2024 na minara ikalala chini, serikali ya Ufaransa nayo ikapeleka antena za Starlink.

Sasa kwa nini nakuchosha na habari za Ulaya? Kwa sababu anayelipa ndo mwenye swichi. Hiyo USAID niliyoitaja hapo juu ilifungwa rasmi tarehe 1 Julai 2025, na yeyote aliyekuwa na kitu kinacholipiwa nayo alilazimika kutafuta mlipaji mwingine. Dishi lako halijui kama kuna mgonjwa anasubiri majibu, bili isipolipwa linakaa tu pale juu kama sinia.

Kwa hiyo kabla mtu wa gari hajawasha injini mshike mkono, au kama kashaondoka mpigie simu, umuulize mambo manne: akaunti imeandikishwa kwa jina la nani, imelipiwa mpaka lini, nani anaruhusiwa kutumia, na nikikwama usiku nampigia nani. Majibu yaandike kwa kalamu isiyofutika kwenye plasta ile ya hospitali, ibandike chini ya rauta. Usiandike kwenye daftari, daftari litapotea siku ya pili, ila rauta kila mtu anajua ilipo.

Kama bado hamjaletewa na mnahitaji, hamuwezi kumpigia simu waziri wa Luxemburg. Janga likiwa kubwa Umoja wa Mataifa unawasha kundi la mawasiliano ya dharura, linaongozwa na WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa ambalo Wakongo wanaliita PAM, na kundi hilo ndo linaloratibu vifaa viende wapi. Njia yenu ni kupitia shirika lililosajiliwa ambalo tayari linakaa kwenye vikao hivyo, au ofisi ya serikali ya maafa. Tanzania kuna kamati za maafa kuanzia kijijini mpaka huko juu Idara ya Menejimenti ya Maafa iliyo Ofisi ya Waziri Mkuu, Msumbiji kuna INGD, Kongo kuna Protection Civile. Na barua isiandikwe "tunaomba msaada wa intaneti", barua ya hivyo inawekwa chini ya zingine mia. Andika watu wangapi mpo, mnara wa karibu uko umbali gani na umezima tangu lini, umeme mlionao ni wa nini, nani atalala na kifaa, na namba za GPS za mahali. Anayepanga mzigo akiona namba za GPS anajua huyu mtu yuko tayari.

Ruhusa, na kutoonekana

Upo mkataba unaitwa wa Tampere, ulipitishwa 1998 ukaanza kazi Januari 2005, kazi yake ni kulegeza masharti ya kuingiza vifaa vya mawasiliano wakati wa majanga kwa nchi zilizouridhia. Ni mzuri, ila askari wa kizuizini hajausoma. Yeye anaona dishi, anaona waya, anaona mgeni. Kwa hiyo beba barua yenye muhuri, nakala tatu, moja ikae ndani ya boksi lenyewe. Na uliza sheria ya wiki hii, sio ya mwaka jana, maana zinabadilika: Kongo mamlaka yao ya mawasiliano, ARPTC, Machi 2024 ilisema kutumia Starlink nchini ni marufuku, Mei 2025 ikawapa kibali. Kifaa ni kilekile. Mtu aliyekamatwa nacho kabla na aliyekamatwa nacho baada ni kesi mbili tofauti.

Kama mpo kwenye vita, nisikilize hapa vizuri. Dishi linarusha mawimbi kwenda juu, na wenye vifaa vya kutafuta mawimbi wanaweza kujua yanatoka wapi. Usilikalishe juu ya chumba wanacholala watu. Ile Starlink ya kawaida ya kizazi cha 3 inakuja na kebo ya mita 15, itumie yote, dishi likae kule, watu wakae huku. Usikubali mtu mwenye bunduki wa upande wowote atumie kwenye kituo chako "dakika mbili tu ndugu yangu". Akishatumia yeye, upande wa pili hauoni tena zahanati pale. Najua ni rahisi kusema na mtu amekusimamia na silaha, kwa hiyo sera hiyo isiwe yako, iwe ya mwenye akaunti, tena iwe imeandikwa ukutani kwa herufi kubwa, ili wewe useme "chef, mimi ni mlinzi tu, wakiona wanakata huko huko". Picha za dishi usizirushe mtandaoni. Kama mna simu za setilaiti za Thuraya fahamu pia kwamba zile zinapima mahali zilipo na kuupelekea mtandao wao.

Jambo lingine ambalo watu wa ofisini hawalipendi nikisema, usiandike majina ya wanaotumia. Kuna shirika moja liliwahi kunitaka nijaze fomu kila siku, jina, namba ya simu, kijiji anachotoka, eti kwa ajili ya ripoti. Nikawauliza, wakija watu usiku wakaikuta hiyo orodha? Wakanyamaza. Tukaanza kuhesabu kwa mistari ya kalamu tu, wanawake upande huu, wanaume upande huu, na ripoti ikakubaliwa vizuri tu.

Fungua boksi sasa

Ndani kuna moja kati ya vitu viwili. Kama dishi ni zito, lina mguu wa chuma na kimkono kinachotoka mbele kimebeba kidude kichwani, hiyo ni ya setilaiti za mbali, zile zinazokaa juu ya ikweta kilomita 35,786, zinazunguka sawasawa na dunia kwa hiyo ukiangalia kutoka chini ni kama zimesimama. Hizi lazima zielekezwe kwa digrii, ukikosea digrii mbili tu umemlenga setilaiti jirani. Kama hujafundishwa usiiguse skrubu hata moja, iliyofungwa na fundi iache, wewe kazi yako ni kuhakikisha hakuna mtu anaanikia nguo pale. Na ikiwa imewaka hakuna kupita mbele yake wala kuegemea, ile inarusha nguvu, zungushia miti na kamba watoto wasifike.

Kama ni bapa, nyeupe, inakaa kama trei, hiyo ni Starlink, setilaiti zake ziko chini sana, kama kilomita 550, nyingi, zinapita mbio na dishi linazifuata lenyewe. Hii mwalimu wa darasa la nne anaifunga. Unapakua programu yao kwenye simu kabla hujafika porini (huwezi kupakua programu ya kukuletea intaneti wakati huna intaneti, usicheke, nimeshakutana nayo), unaelekeza kamera angani, inakuonyesha ni wapi mti au paa vinaziba. Mti mmoja wa mwembe upande ambao setilaiti zinapita unatosha kukata simu kila baada ya dakika kadhaa, alafu watu wanakwambia mtandao mbovu. Hamisha dishi, usikate mwembe. Mwembe ni wa watu.

Tofauti mtakayoisikia ni kwenye kuongea. Kwa setilaiti ya mbali sauti inachelewa, swali likienda na jibu likirudi zaidi ya nusu sekunde imeshapita, ndo maana watu wanaongea kwa pamoja wanagombana bure. Wafundishe: ongea, maliza, nyamaza, subiri. Wazee waliotumia redio kolu wanaelewa mara moja, vijana ndo wanasumbua.

Na sisi wa karibu na ikweta tuna tatizo letu ambalo vitabu vya Ulaya havilisemi sana. Kwao dishi linainama kuangalia upeo wa macho, kwetu setilaiti ikiwa juu ya longitudo za karibu dishi linalala karibu chali, linaangalia utosi. Mvua ikinyesha linakuwa beseni. Nilishaitwa kituo kimoja kando ya ziwa, safari ya siku mbili, nimebeba na kidude kipya cha kichwani nikijua kimeungua, nafika naangalia: maji yamejaa dishini, majani ya mwembe yanaelea, kuna na kifuniko cha chupa. Nikamwaga, nikachokonoa kitobo cha chini kilichoziba kwa tope, intaneti ikarudi. Siku mbili za barabara kwa ajili ya tope. Kagua kile kitobo kila baada ya mvua.

Mvua yenyewe kubwa itapunguza spidi au kukata kabisa, hiyo hamna dawa, subiri ipite, kawaida ni dakika chache. Radi ndo ya kuogopa. Milima ya mashariki ya Kongo ina radi balaa, kijiji cha Kifuka kilikuwa kinatajwa na watafiti wa NASA kuwa ndo penye radi nyingi kuliko kote duniani mpaka mwaka 2016 ziwa Maracaibo la Venezuela lilipochukua nafasi. Kwa hiyo chuma cha ethi, kile cha kwenye udongo, kipigwe, chini kwenye unyevu, na wingu likiwa jeusi chomoa kebo ya umeme NA kebo ya dishi kwenye rauta. Dakika ishirini bila mtandao sio kitu ukilinganisha na miezi minne ya kusubiri rauta nyingine.

Umeme, hapa ndo vituo vinafia

Ukinipa shilingi mia kwa kila dishi zima nililolikuta limekaa kimya kwa sababu ya umeme ningejenga. Watu wanapigia hesabu intaneti, hawapigii umeme.

Hesabu ni nyepesi. Starlink ya kawaida ya kizazi cha 3 inakula kama wati 75 mpaka 100, ile ndogo inayoitwa Mini inakula kama 25 mpaka 40 na rauta yake iko ndani humohumo. Chukua ya kawaida, weka 80, washa saa kumi, hiyo ni wati-saa 800. Betri moja ya maji ya volti 12 na amp 100 imeandikwa kama wati-saa 1,200, lakini betri ya maji ukiimaliza zaidi ya nusu unaiua, kwa hiyo unachomiliki kweli ni 600. Umeona? Betri moja haifiki jioni, na hapo inveta bado haijala chake, na bado mwenyekiti hajachomeka simu yake. Mini kwa wati 30 saa hizohizo kumi ni 300, betri hiyohiyo moja inabeba na inabaki. Ndo maana mtu akinipa kuchagua kwa kituo kidogo cha msituni nachukua Mini, spidi nyingi bila umeme nitaifanyia nini. Faida nyingine Mini inakubali umeme wa betri moja kwa moja kuanzia volti 12 mpaka 48, unaruka inveta kabisa, ila tumia waya mnene na mfupi, ukiweka waya mwembamba wa mita kumi volti zinaishia njiani, inajiwasha na kujizima kama taa ya disko.

Sola: paneli ya wati 200 kwa jua zuri la saa nne na nusu inakupa kama 900 kwenye karatasi, toa robo kwa ajili ya vumbi, joto na wingu. Ifute asubuhi kwa kitambaa chenye maji, usisubiri mchana ikiwa ya moto. Jenereta iwe ya akiba, na usiunganishe rauta moja kwa moja kwenye jenereta ndogo isiyo na kidhibiti, umeme wake unaruka.

Alafu kuna simu za watu. Huwezi kuwaambia watu intaneti ipo lakini chaji hakuna. Waukraine walilielewa hili mapema, Novemba 2022 umeme wao ulipokuwa unapigwa makombora serikali ilifungua maelfu ya vituo, jina lake kwa kwetu ni kama Vituo vya Kutoshindwa, mtu akiingia anakuta joto, maji, umeme wa kuchajia na mtandao chini ya paa moja, na kwenye baadhi mtandao ni Starlink. Sisi hatuhitaji hita, ila wazo chukua. Goma, kule Kongo, ilipoingiwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025 umeme na maji vilikatika pamoja na intaneti, na mtu mwenye simu iliyozima hana cha kukimbilia hata ukimpa waifai ya dhahabu. Ila betri ya kuchajia simu iwe MBALI na betri ya dishi. Usizichanganye hata kwa siku moja, hata kwa mjomba wako.

Kugawa bila kugombana

Tuseme mmepewa dishi la setilaiti ya mbali lenye spidi ya mbps 2, yaani kbps 2,000. Wakiingia watu 40 kwa mara moja kila mmoja ana kbps 50. Kwa hiyo meseji inaenda, sauti ya kurekodi ya dakika moja, ambayo haifiki hata nusu MB, inaenda pia japo inajivuta, ila mmoja akifungua vidio wenzake 39 wamekufa. Starlink ina nafasi kubwa zaidi lakini hata yenyewe mkiwa mia tatu mtaanza kulia, na vifurushi vingine vina GB za kuhesabu, zikiisha spidi inashuka.

Na adui mkubwa hata sio vidio. Ni simu yenyewe mfukoni. Simu iliyokaa wiki mbili bila mtandao ikinusa waifai tu inaanza kupakia picha zote za harusi kwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni, inashusha apdeti za programu thelathini, na mwenye simu hajui, ameishika tu anaandika "mama tuko wazima". Ukiwa na rauta kama MikroTik mtafute anayejua akufungie apdeti na bakapu na kumpimia kila mtu kiasi chake. Ukiwa huna, simama mlangoni, kila anayeingia mwonyeshe jinsi ya kuweka ile waifai iwe ya kupimwa (metered), kwenye simu nyingi ipo ndani ya mipangilio ya waifai yenyewe, na azime bakapu ya picha. Inachosha, ndio, lakini siku ya kwanza tu, siku ya pili watoto watakuwa wanawafundisha watu kwenye foleni.

Tengeneza mitandao miwili yenye majina tofauti. Mmoja wa kazi: daktari, bohari ya chakula, wanaotafuta ndugu waliopotezana. Mwingine wa watu wote. Ule wa kazi pasiwedi iwe na watu watatu tu, na ibadilishwe kila Jumatatu, kwa sababu pasiwedi ni kama umbea. Jina la mtandao lisiwe jina la shirika wala la kijiji, liite tu "maji" au "kuku".

Foleni sasa. Kituo kimoja nilianzisha dakika ishirini kwa mtu, nikatumia vifuniko vya soda kama tiketi, nimeviandika namba kwa kalamu, nikajiona mjanja. Kesho yake saa tatu asubuhi nina namba 14 tano. Watoto walikuwa wameokota vifuniko kwa mwenye kioski wakaandika wenyewe, tena mwandiko mzuri kuliko wangu, wanauza. Sikukasirika, nilicheka mpaka nikakaa chini. Tukahamia muhuri wa zahanati kwenye kiganja, kila siku mahali tofauti, na mama mmoja mtu mzima ambaye kila mtu anamheshimu akawekwa mlangoni. Yule mama alikuwa bora kuliko programu yoyote. Kijana akitaka kuruka foleni anaambiwa "mwanangu, hata mimi sijaongea na wangu", anarudi nyuma kimya.

Wekeni saa za wanawake peke yao, asubuhi inafaa, maana foleni ya mchanganyiko inamezwa na vijana wa kiume wanaofuatilia mpira. Na siku ya mechi kubwa tangazeni mapema kwamba matokeo yatasomwa kwa spika, mtu mmoja anaangalia, wote wanajua, mmeokoa nusu ya bando.

Ikigoma

Kwanza angalia taa ya umeme. Kweli, kwanza hiyo. Alafu vuta kebo uchomeke tena, kagua kama panya au mbuzi hajaitafuna (mbuzi wanapenda ile nyeupe sijui kwa nini), ipitishe ndani ya bomba la plastiki kama mnafuga. Zima, hesabu mpaka sitini, washa, alafu mpe dakika kumi na tano bila kumgusa, watu wanazima na kuwasha mara nane mfululizo dishi linakosa hata muda wa kutafuta setilaiti. Kama ni dishi la setilaiti ya mbali na inakatika saa ileile kila siku kwa dakika chache, na kalenda inasema Machi au Septemba, usimwite fundi: jua linapita nyuma ya setilaiti na kelele zake zinafunika mawimbi, itaisha yenyewe baada ya siku kadhaa. Kwenye Starlink joto likizidi nyuzi 50 inajizima ijipoze, usiiweke juu ya bati tupu saa saba mchana, iweke kwenye kigogo hewa ipite chini.

Na msiwe na njia moja. Siku Urusi inavamia Ukraine, tarehe 24 Februari 2022, mtandao wa setilaiti wa KA-SAT wa kampuni ya Viasat ulishambuliwa na modemu za wateja zikafutwa kabisa, mpaka mitambo 5,800 ya umeme wa upepo Ujerumani ikapoteza mawasiliano yake ya usimamizi. Kwa hiyo badilisha pasiwedi ya kiwandani ya rauta siku ya kwanza, na redio kolu ya kituo, ya HF au VHF, iendelee kuwa na chaji na mtu anayejua kuitumia. Isiwekwe stoo kwa sababu intaneti imekuja.

Wakija kulichukua

Watakuja, maana mnara ukirudi au hela ikiisha boksi linaenda kwa wengine. Waambie watu wiki nzima kabla, sio siku hiyohiyo, wapige simu zao za mwisho, wachukue namba. Futa mipangilio ya rauta irudi kama mpya, kusibaki historia ya nani aliingia. Kebo ikunje kwa duara kubwa, usiivunje kwenye kiwiko kama kamba ya ng'ombe. Hesabu kila kitu mbele ya mashahidi, andika namba ya kifaa, piga picha, chukua sahihi, kwa sababu mwaka ujao mtu atauliza adapta iko wapi na wa kwanza kutajwa utakuwa wewe. Ile plasta ya chini ya rauta usiibandue. Chukua kalamu, chini ya yale majibu manne ongeza moja la tano: kile kitobo cha maji kikaguliwe kila baada ya mvua.